Mitihani ya Masomo na Mlango wa Chuo Kikuu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na vijana)



Tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo linalogusa karibu kila nyumba miongoni mwetu, nalo ni mitihani ya masomo ambayo kwayo vijana wetu huchaguliwa kuingia vyuo vikuu. Kila mwaka ifikapo mwezi wa Mei wanafunzi wa Kidato cha Sita nchini Tanzania huingia katika vyumba vya mitihani, na kila mwaka matokeo yatokapo twaona mambo mawili majumbani mwetu: furaha kwa wengine, na kwa wengine mshangao. Leo hatutasema sana juu ya furaha. Twataka kusema juu ya mshangao, kwa sababu sehemu kubwa ya mshangao huo ingeweza kuepukwa kama mzazi na mtoto wangalijua mapema mtihani huu unataka nini.

Twasema hivi: mlango wa chuo kikuu haufunguliwi wala kufungwa siku ya mtihani peke yake. Kwa wengi umekwisha fungwa miaka miwili kabla, siku kijana alipochagua masomo yake matatu. Na mara nyingi siku hiyo hakuwa na mtu wa kumwuliza.

ASILI YA MITIHANI HII

Ni vema kwanza tujue jambo hili lilianza vipi. Nchini Marekani, hadi mwishoni mwa karne ya 19, kila chuo kilikuwa na mtihani wake wa kuingilia. Mwalimu mkuu aliyekuwa na vijana wa kuwapeleka vyuo vitano alilazimika kuwaandaa kwa njia tano, maana kila chuo kilitaka vitabu vyake na maswali yake. Mwaka 1900 vyuo kadhaa vya huko vilikubaliana kuunda bodi moja, College Board, na mwezi Juni 1901 watahiniwa 973 walifanya mtihani wa kwanza wa pamoja. Waliandika majibu kwa kalamu katika masomo kama vile Kiingereza, Kilatini, Kigiriki, Historia, Hisabati, Kemia na Fizikia. Faida ilionekana mara moja: swali likawa moja kwa wote, na kipimo kikawa kimoja.

Huku kwetu njia ilikuwa nyingine, lakini shabaha ilikuwa ile ile. Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza kilianza kutahini wanafunzi wa shule mwaka 1858, na wakati wa ukoloni mitihani yake ndiyo iliyotumika Afrika Mashariki. Majibu ya mtoto wa Tabora au Mombasa yalisafirishwa kwenda Uingereza kusahihishwa. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na kwa sheria ya mwaka 1973 likaanzishwa Baraza la Mitihani la Tanzania ambalo ndilo linalosimamia mtihani wa Kidato cha Sita hadi leo. Jirani zetu nao wana njia zao. Uganda wameendelea na mtihani wa ngazi ya juu unaofanana na wetu. Kenya waliachana na ngazi hiyo walipoingia katika mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na waliosoma katika mfumo huo huchaguliwa kwa matokeo ya Kidato cha Nne, ambapo wastani wa C+ ndio kiwango cha chini cha kuingia shahada.

NAMNA UNAVYOPIMA

Sasa tuutazame mtihani wetu wenyewe. Mwanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita husoma masomo makuu matatu, ambayo kwa pamoja huitwa tahasusi, au mchepuo kama tulivyozoea kusema zamani. Herufi tatu ndizo zinazoitambulisha. PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati. CBG ni Kemia, Baiolojia na Jiografia. EGM ni Uchumi, Jiografia na Hisabati. HGL ni Historia, Jiografia na Kiingereza, na HKL ni Historia, Kiswahili na Kiingereza. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi nyingi mpya, hata jumla yake ikafika 65. Kwa hiyo uchaguzi sasa ni mpana zaidi, na haja ya kuuelewa imekuwa kubwa zaidi.

Katika kila somo mwanafunzi hupata daraja: A kuanzia alama 80, B kuanzia 70, C kuanzia 60, D kuanzia 50, E kuanzia 40. Chini ya hapo kuna S, kuanzia 35, kisha F. Kuanzia A hadi E ndiko kufaulu kukuu, na ndiko kunakohesabiwa na vyuo vikuu. S ni kufaulu kudogo. Hakumwingizi mtu chuo kikuu.

Hapa twaomba wazazi wasikilize kwa makini, maana hapa ndipo wengi hupotea. Zipo hesabu mbili tofauti, na kila moja huenda upande wake. Hesabu ya kwanza ni ya Baraza la Mitihani, ambayo hutoa Daraja la Kwanza, la Pili, la Tatu na kadhalika. Katika hesabu hiyo A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Anayepata pointi chache ndiye aliyeshinda. Pointi 3 hadi 9 ni Daraja la Kwanza, 10 hadi 12 ni la Pili, na 13 hadi 17 ni la Tatu.

Hesabu ya pili ni ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na hiyo huenda kinyume. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Sharti la jumla ni kwamba mwombaji awe amefaulu masomo makuu mawili yanayohusika na kozi anayoiomba, na masomo hayo mawili yampatie pointi zisizopungua 4.

Tuchukue mfano. Vijana wawili wametoka shule moja. Wa kwanza amepata E katika masomo yote matatu. Kwa hesabu ya Baraza ana pointi 15, yaani Daraja la Tatu. Wa pili amepata D mbili na F moja. Naye ana pointi 15, Daraja la Tatu. Karatasi zao zinasema jambo moja, na wazazi wao watapongezana. Lakini wakienda kuomba chuo kikuu, yule wa kwanza, ambaye hakufeli somo hata moja, masomo yake mawili yanampa pointi 2 tu, naye anazuiwa mlangoni. Yule wa pili, aliyefeli somo zima, D zake mbili zinampa pointi 4, na iwapo ni masomo yanayotakiwa na kozi yake, amekidhi sharti la jumla.

Ndugu zetu, hapana hila hapa wala dhuluma. Mtihani wa Kidato cha Sita umekusudiwa kuonyesha kwamba kijana ameyashika barabara masomo machache anayokwenda kuyaendeleza. Anayejua kidogo katika kila somo hajatimiza kusudio hilo. Lakini kijana asiyeijua hesabu hii hugawa nguvu zake vibaya. Hupigania asipate F popote, na akasahau kwamba ilimpasa kwanza ayasimamishe imara masomo mawili.

KUHUSU UADILIFU WA MTIHANI

Wako wanaosema kwamba mtihani si kipimo cha haki, na kwamba afadhali vijana wachaguliwe kwa tabia zao na kazi zao. Maneno haya si mapya, na nchi yetu ilikwisha yajaribu. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa azimio kwamba kijana aliyemaliza Kidato cha Sita asiende moja kwa moja chuo kikuu. Baada ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa ilimpasa afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha apate mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Nia ya azimio hilo ilikuwa njema. Lilitaka msomi awe ameonja kazi, amekaa na watu, na asiione elimu ya juu kuwa haki ya wachache. Watu wazima wengi waliokuwa kazini walipata nafasi ambayo wasingeiota.

Hata hivyo upungufu ulionekana upesi. Wasichana waliokwenda kazini hawakurudi kwa wingi, kwa kuwa wengi walikwisha olewa na kupata majukumu ya nyumba. Fani za sayansi na uhandisi zilikosa waombaji wa kutosha. Ikabidi masharti yalegezwe kwa makundi hayo, na katika miaka ya 1980 njia ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja ikarudishwa.

Sisi tunapata mazingatio mawili katika historia hiyo. La kwanza, ni kweli kwamba mtihani hauoni kila kitu. Hauoni uaminifu wa kijana, wala huruma yake, wala ustahimilivu wake alipokuwa akiuza karanga ili alipe nauli. La pili, barua ya mapendekezo ina jina la mtu, na palipo na jina pana undugu, pana ukabila, pana kujuana. Karatasi ya mtihani ina namba ya kituo na namba ya mtahiniwa tu. Mwalimu anayesahihisha hajui kama mwenye karatasi ni mtoto wa waziri au wa mvuvi. Kwa mtoto wa maskini hilo si jambo dogo. Huenda ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kupimwa na mtu asiyemjua baba yake.

Ndiyo maana wizi wa mitihani ni uovu unaowaumiza hasa watu wanyonge. Mwaka 2008 mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne ulifutwa baada ya kuvuja, na maelfu ya watoto waliojiandaa kwa haki wakalazimika kuurudia kwa ajili ya waovu wachache. Mzazi anayetoa fedha ili mwanawe aonyeshwe maswali amenunua nafasi ya mtoto wa mtu mwingine. Tena amemfundisha mwanawe kwamba jasho ni la wajinga, na mafunzo hayo yatamrudia mzazi huyo mwenyewe katika uzee wake.

UPUNGUFU WAKE

Lakini tusiutukuze mtihani kupita kiasi. Unao upungufu, na yatupasa kuukiri. Swali ni moja kwa wote, lakini shule si moja. Somo la Kemia lina karatasi ya vitendo, na mtahiniwa hutakiwa apime kwa mikono yake mwenyewe. Yuko aliyezoea maabara tangu Kidato cha Kwanza, na yuko aliyeziona chupa zile kwa mara ya kwanza miezi michache kabla ya mtihani. Kipimo kimoja hakimaanishi kwamba safari ilikuwa moja. Huko Uganda, chuo kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5, kwa kutambua kwamba njia yao ya kufika mlangoni ilikuwa na miiba zaidi.

Na Wamarekani tuliowataja mwanzoni? Bodi ile ile iliyoanza mwaka 1900 ilitangaza mwezi Januari 2021 kwamba inaiondoa mitihani yake ya masomo kwa ajili ya vyuo. Ilieleza kwamba inataka kuwapunguzia wanafunzi mzigo, na kwamba kozi zake nyingine za masomo zimeenea shuleni kiasi cha kutosha. Kwa Mmarekani hasara haikuwa kubwa, kwani chuo chake hutazama mambo mengi: maendeleo ya shule, insha, barua za walimu. Kwetu mtihani wa masomo umebaki kuwa mlango mkuu wa kijana atokaye Kidato cha Sita. Nyumba yenye milango mingi, mmoja ukifungwa watu hupita mwingine. Sisi hatuna anasa hiyo, na ndiyo sababu yatulazimu tuujue huu tulio nao.

MAKOSA YA MAJUMBANI

Sasa tuje kwenye yale yaliyo mikononi mwetu, kwa kuwa mengine ni ya serikali na shule.

Kosa la kwanza ni kuchagua tahasusi kwa sifa ya jina. Baba amesikia kwamba mchepuo wa sayansi ndio wenye heshima, basi anamwambia mwanawe: wewe utakuwa daktari. Mtoto ana C ya Baiolojia aliyoipata kwa taabu, na ana A ya Historia aliyoipata kwa mapenzi. Anatii. Baada ya miaka miwili anarudi nyumbani na S tatu. Utiifu wake haukumfaa yeye wala baba yake.

Kosa la pili ni kutojua kila tahasusi inaelekea wapi. Mtoto anataka udaktari, amepangiwa CBG, na nyumbani wote wanafurahi kwa kuwa ni sayansi. Hakuna aliyewaambia kwamba kozi ya udaktari wa binadamu hutaka Fizikia pamoja na Kemia na Baiolojia. Kijana huyo hata akipata A tatu, karatasi yake haitamfikisha kwenye udaktari moja kwa moja. Itamfikisha kwenye kilimo, mazingira, ualimu na mengineyo yaliyo mema, lakini siyo kule alikodhani anakwenda. Vivyo hivyo anayetaka uhandisi ni lazima aishike Fizikia na Hisabati. Afadhali mtoto alie akiwa na miaka kumi na saba, wakati bado kuna nafasi ya kubadili, kuliko kulia akiwa na miaka kumi na tisa.

Kosa la tatu ni juu ya mabinti. Mtihani wa Kidato cha Sita unataka saa za jioni za kusoma, na katika nyumba nyingi saa hizo ndizo za kupika, kuosha vyombo na kulea wadogo. Kaka yake amekaa na daftari. Yeye amekaa na sufuria. Matokeo yakitoka tunasema kwamba wasichana hawana akili ya sayansi. Tumwogope Mwenyezi Mungu katika hukumu hiyo.

Kosa la nne ni kuufanya mtihani kuwa mwisho wa mtu. Kijana aliyekosa pointi zile nne hajafukuzwa katika elimu. Anaweza kurudia masomo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kusoma stashahada, na akiimaliza kwa wastani wa 3.0 au zaidi akaomba shahada inayohusiana nayo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kozi ya msingi kwa waliokaribia. Na kwa watu wazima wenye ujuzi wa kazi, iko njia ya kutambuliwa kwa ujuzi walio nao. Njia hizi ni ndefu zaidi, lakini zinafika. Maneno ya aibu anayotupiwa kijana na watu wa nyumbani mwake wiki ya matokeo humzuia kuliko alama zenyewe.

TUFANYE NINI

Kwanza, mzazi mwenye mtoto wa Kidato cha Nne aione kwa macho yake fomu ya machaguo kabla haijarudishwa. Amwulize mtoto maswali matatu: unapenda kusoma nini, unafaulu nini, na kozi unayoitaka inadai masomo gani? Majibu yakipatana, mwacheni aende. Yasipopatana, nendeni pamoja kwa mwalimu wa somo. Tena mjue kwamba baada ya matokeo ya Kidato cha Nne wanafunzi wamekuwa wakipewa muda wa kubadili machaguo yao. Muda huo ni mfupi, na mwenye kulala utampita.

Pili, Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo kinachoeleza sharti la kila kozi katika kila chuo. Kinapatikana bila malipo kwenye intaneti. Kila msikiti uwe na kijana mmoja wa kukichapisha na kukiweka mahali ambapo wazazi watakisoma, na awepo mtu wa kuwafafanulia wasiokielewa.

Tatu, vyumba vya madrasa hukaa vitupu usiku. Taa mbili, meza chache na mtu mzima mmoja wa kusimamia vyatosha kuwapa watoto wa mtaa mahali pa kusomea, na mabinti wapangiwe zamu yao yenye usalama. Wale miongoni mwetu waliopita vyuo vikuu wajitolee saa mbili kwa wiki, kila mtu katika somo alilolijua. Anayejua Kemia asijifiche nyuma ya shughuli zake.

Nne, ndugu zetu wa Kenya wasidhani kwamba haya hayawahusu. Kuanzia Januari 2026 wanafunzi wao wa kwanza wa Gredi ya 10 wameanza kusoma kwa njia tatu zilizogawanywa: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, sanaa na michezo. Uchaguzi ambao kwetu hufanywa baada ya Kidato cha Nne, kwao sasa unafanywa mapema zaidi, mtoto akiwa mdogo zaidi. Wao wana haja ya mashauri haya kabla yetu.

MWISHO

Ndugu wapenzi, twajua kwamba elimu ni pana kuliko mtihani, na mtu ni mpana kuliko elimu yake ya shule. Lakini daktari atakayempokea mgonjwa wetu, mhandisi atakayejenga daraja letu na mwalimu atakayewafundisha wajukuu wetu, wengi wao watapita katika mlango huu wa masomo matatu. Basi tusiwaache watoto wetu waufikie gizani. Mtoto ambaye leo yuko Kidato cha Tatu bado ana wakati, na anayo haki ya kupata mzazi anayejua kuhesabu pointi zake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awazidishie vijana wetu elimu yenye manufaa, awape subira wakati wa kusoma na ukweli wakati wa kutahiniwa, na atujalie sisi wazazi kuutimiza wajibu wetu kabla muda haujapita. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.